Siku ya 138

Jioni hii nimesimama nyuma ya Kahawa, mbuzi wangu mwenye mimba, kwa muda mrefu, kidole gumba upande huu wa mkia, cha shahada upande ule, nikizitafuta zile kano mbili. Zipo. Nyembamba na ngumu kama penseli. Zikishalegea mpaka nisizisikie tena chini ya vidole, hapo kuzaa ni kwa saa tu, si kwa siku. Alipandwa tarehe 12 Oktoba. Kwa hesabu ya siku 150 naangukia 11 Machi, naye anaweza kutangulia siku tano au kuchelewa tano. Leo ni siku ya 138, na huku Kasese, Uganda, mawingu yameanza kuning'inia kwenye milima ya Rwenzori. Mvua na watoto vitafika pamoja.

Habari za Zawadi, mbuzi wangu wa mwaka jana, sijawahi kuziandika, na msimu huu sitaki kuzikwepa tena. Mwaka jana, zimebaki kama siku kumi azae, aliacha pumba. Kesho yake akaacha hata majani ya viazi vitamu, ambayo siku zote alikuwa akiyapokea mlangoni. Nikasema ni uzito wa mimba. Siku ya tatu akalala, shingo ameigeuzia ubavuni, na nilipoinama karibu na mdomo wake nikasikia harufu tamu, kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Daktari wa mifugo alifika kwa boda jua likizama. Alinusa, akanyamaza kidogo, akafanya alichoweza. Zawadi alikufa usiku ule na mapacha wake tumboni.

Baadaye daktari alikaa nami akanieleza. Katika wiki sita za mwisho watoto hukua kuliko miezi yote iliyotangulia. Wanataka sukari nyingi kwa mama yao, na papo hapo wanalibana tumbo lake, majani mengi hayana pa kuingia. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake ili uishi, na mafuta yakiyeyuka kwa wingi namna hiyo yanaacha sumu kwenye damu. Ile harufu ilikuwa sumu hiyo ikitoka na pumzi. Na Zawadi alikuwa mnene. Nilikuwa nikijivunia unene wake, kumbe mnene ndiye yuko hatarini zaidi, sawa na aliyekonda. Nilimjaza miezi ambayo hakuhitaji sana, nikaja kushindwa kumsoma siku ambazo kila mlo aliousukuma pembeni ulikuwa unasema kitu.

Mwaka huu nimebadili. Miezi mitatu ya kwanza, malisho na maji safi yalimtosha Kahawa, na dawa ya minyoo ya albendazole sikumpa kabisa mwezi wa kwanza wa mimba, maana inaweza kuharibu mimba changa. Sasa anapata pumba za mahindi kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, pamoja na majani ya viazi na maganda ya matoke. Chumvi ya ziwa Katwe ipo pembeni, analamba akitaka. Kila siku tunashuka mpaka mtoni na kurudi, polepole.

Mama anaona nimezidisha. “Mwanangu, sisi tulifuga mbuzi mlimani hapa kabla hujazaliwa. Walizaa kichakani wakarudi na watoto nyuma.” Ni kweli, walirudi. Lakini wale walitembea kutwa na kujichagulia majani. Wangu anakula ninachomletea mimi, kwa hiyo nikikosea, amekosea naye. Nilipomwambia hivyo hakunijibu. Jana nimemkuta anachana kitenge chake cha zamani vipande vipande, vya kuwakaushia watoto.

Banda nimelifagia, ubao uliooza nimeubadilisha, na nyasi kavu ziko tayari kwenye gunia. Iodini ya kuchovya kitovu ipo, wembe mpya, uzi, sabuni, glovu, taa ya sola. Kinachonikaa kichwani kuliko vyote ni dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Mtoto wa mbuzi anazaliwa bila kinga yoyote ya mama katika damu yake, kwa sababu haipiti kwenye kondo. Anaipata kwa kunyonya tu. Kwa hiyo asiyesimama na kunyonya ndani ya saa ya kwanza nitamkamulia mwenyewe nimnyweshe.

Saa tatu usiku nimerudi tena bandani. Nimeweka kiganja ubavu wake wa kulia, chini karibu na kiwele, maana kushoto ni tumbo la majani. Nimengoja. Likaja teke moja, dogo, kama mtu anayegonga mlango akiogopa kuwaamsha wenyewe. Halafu jingine, mbali kidogo na la kwanza.

Wawili, nadhani.

Nimemtilia konzi moja ya pumba kwenye beseni. Amekula yote.