Kwenye ukungu hakuna wa kupishwa

Ilikuwa mwezi wa tano, tumetoka Antwerp tunateremka kwenda Durban, meli ya shehena, na mie ndo baharia wa deki mdogo kuliko wote mle ndani. Njia yetu ilikuwa mlango wa bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, pale penye wembamba ni kama kilomita 33 tu na kwa siku zinapita meli zaidi ya 400, zinazoshuka kusini magharibi zinakaa upande wa Uingereza, zinazopanda zinakaa upande wa Ufaransa, afu feri za Dover na Calais zinakatisha katikati usiku na mchana. Msimu ule upepo wa joto wenye unyevu unatoka Atlantiki unapita juu ya maji ambayo bado yana baridi ya winta, basi ukungu unazaliwa palepale juu ya bahari, na ukija haupigi hodi. Nilikuwa naiona omo, ile sehemu ya mbele ya meli, vizuri kabisa, nikageuka kuchukua chai, kurudi hata winchi za nanga sizioni.

Kepteni akapanda juu mwenyewe. Spidi ikashushwa, injini rumu wakaambiwa wakae tayari saa yoyote, honi ikaanza, mlio mmoja mrefu, haipiti dakika 2 inalia tena. Mie na serahangi, mkubwa wa mabaharia wa deki, tukatumwa mbele omo na redio ya mkononi, kazi yetu kusikiliza.

Serahangi alikuwa mtu mzima wa Tanga, kala chumvi nyingi. Kitu cha kwanza aliniambia, "Vua hiyo kofia ya koti mwanangu, utasikia nini na kitambaa masikioni?" Nikamwambia Mzee baridi. "Najua baridi. Vua." Nikavua. Maji ya ukungu yalikuwa yananidondoka kwenye nyusi, chuma cha reli kimelowa kama kimenyeshewa mvua, na honi yetu ikilia kule nyuma unaisikia mpaka kifuani, afu ikinyamaza ndo unatega sikio kwa nguvu zako zote.

Yaliyokuwa yanaendelea briji, kule juu meli inakoendeshwa, nilikuja kusimuliwa na jamaa yangu wa Mombasa aliyeshika usukani. Kwenye rada kulikuwa na meli inakuja kutoka mbele kushoto, kila wakiipima iko pembe ileile, umbali tu ndo unapungua, na mtu wa bahari akiona hivyo anajua mnakwenda kugongana. Thadi meti, yaani ofisa wa tatu, kijana bado, akasema sisi tushikilie njia yetu, yeye ndo anatuona kuliani kwake, yeye ndo anatakiwa atupishe. Na kungekuwa kweupe angekuwa sahihi kabisa! Kepteni akamwambia hapana, hapa hatuonani kwa macho, ile sheria ya nani ampishe nani haipo tena, sote wawili tunatakiwa tukwepe, na mapema. Akaamuru kulia, tena kona ya kuonekana, siyo ya kuibia ibia digrii mbili tatu ambayo mwenzako kwenye rada yake hata haioni. Kulia kwa sababu aliye mbele yako, ikiwa siyo unayempita kutoka nyuma, humkwepi kwa kushoto ukiwa na namna nyingine. Redioni kuna mtu alikuwa anaita "meli iliyo mbele yangu, tupishane vipi", kepteni hakujibu, maana kwenye ukungu ule meli iliyo mbele yako ni ipi? Unaweza ukakubaliana na mtu ambaye siye.

Tumeshageuka vizuri, ndo mie nikasikia. Mrefu mmoja, mifupi miwili, mbali na hafifu. Serahangi akanishika mkono, tukasubiri, ukarudi. Akaniambia, "Waambie umesikia mlio gani na uko mbele, upande usiuapie, ukungu unazungusha sauti." Mlio huo anapiga mvuvi mwenye nyavu majini, anapiga wa chombo cha tanga, anapiga anayevuta tishari, anapiga hata aliyeharibikiwa, humjui ni yupi, unachojua ni kwamba mwenzio hana wepesi wa kukukwepa. Nikasema redioni. Muda kidogo nikasikia honi yetu imebadilika, inalia mirefu miwili, na hapo nikajua bila kuambiwa kwamba injini zimesimama na meli haitembei tena.

Kimya. Kwanza ikaja harufu ya dizeli, afu mngurumo, afu chombo cha uvuvi kikatoka kwenye weupe ule karibu kiasi kwamba nilimwona mtu mwenye ovaroli ya njano amesimama tezi, upande wa nyuma wa chombo, kwenye nyaya za nyavu anatutazama. Kikapita mbele yetu taratibu. Kwenye rada, jamaa alisema, kilikuwa kidoa kinatokea na kupotea. Ile meli kubwa ya mwanzo ilishapita nyuma yetu zamani.

Baadaye kepteni alimkalisha thadi meti kwenye meza ya chati akamsomesha sheria ya 19 ya zile kanuni za kimataifa za kuzuia meli kugongana, neno kwa neno, akampa na habari ya meli za abiria Andrea Doria na Stockholm zilizogongana, Julai 1956 karibu na Nantucket, zilionana kwa rada, huyu akakata kushoto, yule akakata kulia, wakafa watu 51. Yule kijana hakubisha tena.

Mie nilipopata likizo nilikwenda kwa binamu yangu Nungwi, ana mashua ndogo ya kuvulia. Kwetu ukungu hatuna, lakini kanuni zilezile zinataja na mvua kubwa, na masika ile mvua ikishuka mkondo wa Unguja huoni hata ncha ya chombo chako huku boti za kasi zinapita. Chombo cha urefu wa chini ya mita 12 hakilazimishwi kupiga milio ya meli kubwa, ila lazima kitoe sauti yoyote ya kusikika, kila dakika 2 au chini ya hapo. Nikamwachia honi ya kupuliza kwa mdomo, nikaifunga kwa kamba kwenye fundo la mlingoti, na mwanawe anayekwenda naye baharini nikamfundisha kuipuliza.