Nilivyoivunja akaunti moja ya hifadhidata iliyotumiwa na kila mtu

Nilipokabidhiwa programu ya wavuti iliyotumia hifadhidata ya PostgreSQL, nilikuta kila kitu kikiingia kwa akaunti moja tu, tena ile ya msimamizi mkuu: kurasa za watumiaji, ripoti za usiku, mabadiliko ya muundo wa majedwali, na hata sisi watengenezaji tulipotaka kuchungulia data. Siku nilipogundua kwamba nenosiri lake lilikuwa limeandikwa waziwazi katika historia ya msimbo, nilitaka kulibadilisha papo hapo, lakini nikasita, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua ni kazi ngapi zingekwama.

Nikaanza kwa kuwatambua wanaoingia. Kwa wiki mbili niliwasha log_connections, ili kila muunganisho uandikwe pamoja na anwani ulikotoka, na mara kwa mara nikaangalia pg_stat_activity kuona kinachoendelea wakati huohuo. Hapo ndipo lilipojitokeza skripti moja la kunakili data, likiendeshwa kutoka seva ambayo sote tuliamini ilishazimwa.

Tangu toleo la 8.1, lililotoka mwaka 2005, PostgreSQL haitenganishi mtumiaji na kikundi. Vyote ni majukumu (roles), yaani majina yanayopewa ruhusa, na kinachotofautisha ni kama jukumu limeruhusiwa kuingia au la. Kwa hiyo ruhusa zote nilizipa majukumu matatu yasiyoweza kuingia, moja la kumiliki majedwali, moja la kusoma na kuandika, na moja la kusoma tu, kisha akaunti zenye manenosiri nikazifanya wanachama wake. Akaunti ya wavuti ikaweza kusoma na kuandika data bila kuweza kubadilisha muundo wala kuondoa jedwali, ripoti zikabaki na kusoma tu, na kila mtengenezaji akapata akaunti yenye jina lake. Kwa kuwa toleo letu lilitangulia lile la 15, ilinibidi pia kuwanyang'anya watumiaji wote ruhusa ya kuunda vitu katika skima ya public, yaani sehemu ya hifadhidata iliyokuwa wazi kwa wote.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Nilitoa amri ya ALTER DEFAULT PRIVILEGES, inayopanga mapema ruhusa za vitu vitakavyoundwa, nikiwa msimamizi mkuu, nikidhani kwamba kila jedwali jipya lingefunguliwa kwa wavuti lenyewe, kumbe amri hiyo huhusu vitu vitakavyoundwa na jukumu lililotajwa tu, au na yule aliyeitoa iwapo hakutaja jukumu lolote. Mabadiliko ya kwanza ya muundo yalipopita kwa akaunti mpya niliyoyatengea, wavuti ulinyimwa ruhusa ya kusoma jedwali lililozaliwa dakika chache kabla. Tena jedwali lenyewe lilimilikiwa na akaunti hiyo, si na jukumu la kumiliki, kwa sababu uanachama peke yake hauhamishi umiliki. Nililazimika kuiagiza akaunti hiyo ianze na SET ROLE, yaani ivae jukumu la mmiliki kabla ya kuunda chochote, na kuirudia amri ya awali nikilitaja jukumu la mmiliki. Ruhusa za vihesabio (sequences) vinavyotoa namba za safu mlalo mpya nazo nilizisahau, lakini hilo lilirekebishwa kwa mstari mmoja.

Kinachonifurahisha zaidi ni upande wa manenosiri. Wavuti una akaunti mbili zenye uanachama uleule: moja ikitumika, nyingine hubadilishiwa nenosiri, kisha usanidi huelekezwa kwake, na ya kwanza hufungwa baada ya miunganisho yake kuisha. Hakuna tena haja ya kukesha tukisubiri saa za usiku wa manane ili kufanya kazi ya dakika tano.

Msimamizi mkuu sasa huingia akiwa ndani ya seva yenyewe tu, kama inavyoelekeza pg_hba.conf, faili linalosema nani anaweza kuingia na kutoka wapi. Nenosiri la zamani bado limo katika historia ya msimbo. Sikujisumbua kulifuta, kwani nililibadilisha siku ileile skripti la mwisho lilipohamia kwenye akaunti yake.