Nilivyojua umri wa paa kabla ya kununua nyumba Tanga

Nyumba niliyoitaka ipo Tanga mjini, mwendo mfupi tu kutoka baharini. Muuzaji alikuwa na jibu moja kuhusu paa: "Bati jipya hilo, tumebadilisha juzi juzi." Kwa nyumba ya pwani jibu hilo halitoshi. Upepo wa huku una chumvi, na chumvi hula bati haraka. Bati la rangi lenye miaka mitatu na lenye miaka kumi huweza kufanana ukiyatazama kutoka barabarani, lakini bei ya nyumba haiwezi kuwa ileile.

Nilimwomba risiti. Akaniletea karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nyeupe tupu, maana zile huchapwa kwa joto na maandishi hupotea zikikaa muda mrefu. Mimi nikaona hilo nalo ni jibu.

Nikafungua Google Earth Pro kwenye kompyuta. Ni ya bure, na juu ina alama ya saa. Ukiibonyeza unarudi kwenye picha za setilaiti za miaka ya nyuma, kila moja na tarehe yake. Nyumba niliipata kwa kufuata msikiti wa mtaani na mwembe wa uani. Picha ya mwanzoni mwa 2015 ilionyesha paa la kahawia, kutu tupu. Iliyofuata, ya 2016, paa ni la bluu. Haikunipa siku yenyewe, lakini ilinipa tarehe mbili ambazo hakuna wa kubishana nazo. Ila bati kuukuu likipigwa rangi, nalo huonekana jipya kutoka angani, kwa hiyo sikuishia hapo.

Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyenimalizia kazi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama anakumbuka paa lilipobadilishwa. "Nakumbuka sana, mwanangu. Magufuli anaapishwa, sisi tuko redioni, mafundi wanagonga misumari hatusikii kitu." Hiyo ni Novemba 5, 2015. Ukimuuliza mtu mwaka atakisia; muulize kulikuwa na nini siku zile, uchaguzi, msiba au Ramadhani, atakupa tarehe bila kujua.

Lakini kilichonifaa kuliko vyote kilikuwa darini. Nilipanda na fundi, tukiwa na tochi, tukaanza kuangalia papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Pembeni ya misumari iliyopo kulikuwa na matundu mengine, ya zamani, meusi kwa kutu. Maana yake bati lilibadilishwa lakini mbao ziliachwa zilezile. Wanunuzi wengi hawaulizi hili: paa moja linaweza kuwa na umri wa aina mbili, wa bati na wa mbao, na mbao zikioza bati jipya halikusaidii. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa ngumu bado. Papi za upande unaoelekea baharini, fundi alizichoma kwa bisibisi ikazama. Chini ya bati tuliona chapa ya kiwanda na geji, yaani kipimo cha unene: 30. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ingevumilia zaidi. Juu, mipira ya chini ya vichwa vya misumari ilikuwa imekauka na kupasuka, na hapo ndipo maji huanzia kupenya.

Nilirudi kwa muuzaji na picha zote mbili kwenye simu. Sikumwita mwongo, nilimwambia, "Mzee wangu, bati hili lina miaka kumi sasa, na papi ni za kabla yake." Alizitazama kwa muda, akasema twende tukae tuzungumze bei upya. Alipunguza kiasi kilichotosha kununua papi mpya, misumari na bati za geji 28 za upande wa baharini. Upande wa pili fundi alishauri bati libaki, tubadilishe misumari tu, na ndivyo tulivyofanya kabla ya masika.