Mavi ya Ndege Yanayotembea

Jumapili, jioni. Mvua imekatika saa kumi na Uluguru yote iko wazi, hata mistari ya maji inayoteremka mlimani naiona nikiwa hapa barazani. Daftari liko mapajani. Nataka kuandika habari za mlimau kabla sijazisahau.

"Shangazi, njoo uone! Mavi ya ndege yanatembea!"

Ilianzia hapo, mwanzoni mwa mwezi uliopita. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka saba, alikuwa amechuchumaa kwenye mlimau ulio nyuma ya jiko. Nikainama naye. Juu ya jani changa palikuwa na kitu kifupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kahawia iliyokoza, na baka jeupe katikati, kinang'aa kama kibichi. Ukikitazama umesimama, ni mavi ya ndege, huwezi kubisha. Ukikisogelea kina kichwa, na kichwa kile kilikuwa kinakata ukingo wa jani, kinashuka, kinarudi juu, kinashuka tena, kama mtu anayesoma mstari kwa mstari.

Mlimau ule aliupanda marehemu mama mwaka aliohamia kwangu. Hauzidi kimo changu. Ninahesabu majani yake, na siku ile matawi mawili yalikuwa yamebaki vijiti. Mkono ulishanyanyuka nikipukute chini nikikanyage. Kilichonizuia ni kunde za mwaka jana.

Mwaka jana kunde zangu zilishikwa na wadudu mafuta, wale weusi wanaojazana kwenye vikonyo na maua mpaka huoni kijani. Katikati yao nikakuta viumbe virefu vya rangi ya mkaa, vyenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu sita iliyonyooka na ngozi ya vijipele, mfano wa mamba mdogo sana. Nikaamini hao ndio wakubwa wa uharibifu. Nikawaponda mmoja mmoja kwa vidole, jioni mbili mfululizo. Wiki iliyofuata vikonyo vilikuwa vyeusi tii, sisimizi wanapanda na kushuka kufuata ule utamu unaotoka kwa wadudu mafuta, na maua yakapukutika. Sikuvuna hata sufuria moja. Baadaye bwana shamba mmoja akanionyesha picha kwenye simu: yalikuwa mabuu ya mdudu kibibi, yule wa mviringo mwenye rangi kali na mabaka, ambaye watoto hupenda kumtembeza mkononi. Mkubwa na mtoto wote chakula chao ni wadudu mafuta. Nilikuwa nimewaua waliokuja kunisaidia kwa sababu sura zao hazikunipendeza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nilinunua daftari.

Nilikolelewa, neno lilikuwa moja tu. "Wadudu wameingia kwenye mchicha," anasema mama, na majivu yanamwagwa. Hakuna aliyeuliza wadudu gani. Simlaumu, mboga ilitakiwa jioni ileile.

Basi safari hii tuliwachukua watatu, tukawaweka kwenye chupa ya jamu na kufunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Kila asubuhi majani mapya ya mlimau, kila jioni kumwaga vinyesi, ambavyo kwa kiumbe wa kimo kile ni vingi ajabu. Walijivua ngozi mara kadhaa wakiwa bado na sura ileile ya mavi. Halafu asubuhi moja mtoto akaja kuniamsha kwa hofu: mmoja amepotea, na mahali pake yupo mwingine wa kijani. Ndiye yuleyule. Alikuwa amevaa kijani cha jani lenyewe, mnono, na mistari ya kahawia ubavuni kama mikunjo ya kivuli.

Nilimgusa mgongoni kwa ncha ya unyasi. Nyuma ya kichwa chake zikachomoza pembe mbili laini zenye majimaji, rangi ya chungwa, zimegawanyika kama ulimi wa nyoka, na harufu kali ikajaa, kama malimau yaliyoanza kuoza kwenye gunia. Mtoto aliruka nyuma, kisha akarudi kunusa tena. Hapo shaka ikaniisha. Ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus kwa jina la wataalamu, yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano ambaye hata akinyonya ua mabawa yake hayatulii. Miaka yote nimekuwa nikimfurahia bustanini, na watoto wake nikiwapukuta.

Wakati wa kugeuka bundo ulipofika, yaani ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo, kila mmoja alibandika mkia kwenye kijiti, akajizungushia uzi kiunoni na kuegemea nyuma, kama fundi wa umeme juu ya nguzo na mkanda wake. Mabundo mawili yalitoa vipepeo. La tatu likageuka kahawia, likatobolewa tundu dogo, wakatoka vinyigu vidogo kuliko sisimizi, wengi, wakatembea juu ya chandarua. Mtoto alilia. Mimi nilikaa nikawatazama kwa muda mrefu, kwa kuwa sikujua kwamba mlimau wangu una mlinzi huyo pia.

Sasa tunahesabu miguu. Sita ya kweli karibu na kichwa, halafu vile vinundu vya nyama vinavyoshikilia jani, ambavyo kwa viwavi wa vipepeo na nondo havizidi jozi tano. Buu la mdudu kibibi lina ile sita tu. Na lile la kijani kilichopauka, lisilo na mguu wala kichwa cha kuonekana, tulilolikuta kwenye kunde limemnyanyua mdudu mafuta juu likimfyonza, ni mtoto wa nzi mwenye michirizi ya manjano anayeelea penye maua, ambaye wengi humdhani nyuki. Aliachwa palepale.

Wengine siwaachi. Kwenye mahindi nikiona kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia, huyo ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 akitokea Amerika, nami namwondoa kwa mkono asubuhi mapema kabla hajajificha ndani ya mmea. Majani ya nyanya yenye mabaka makavu, ukiyainua juani ukaona kiwavi mdogo ndani, ni kantangaze. Nayachuma na kuyachoma moto. Aliyewahi kupoteza shamba la nyanya kwa kantangaze hanilaumu.

Mlimau umeshatoa majani mapya. Tumekubaliana kuwaachia tawi la upande wa jiko, wakivuka hapo nawahamishia kwenye mchungwa mkubwa wa jirani, ambaye ameridhia.

Leo baada ya mvua mtoto amekuja na mwingine, kutoka kwenye bamia. Mwembamba, kijani, anatembea kwa kukunja mgongo na kuunyoosha kama mkono unaopima shubiri. Tumempa jani la mchicha, hakuligusa. La bamia ameshalitoboa matundu matatu tangu nianze kuandika.