Fungua Mkono

Mgeni aliletwa kwetu na lori mwezi wa Juni 1998, kutoka Nairobi kupitia Namanga. Alikuwa farasi wa mashindano, amekimbia kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong misimu kadhaa mpaka akaacha kushinda, na mwenye shamba akamnunua ili abebe watalii kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Meru, katikati ya Usa River na Momella. Jina lake la mashindano lilikuwa refu, la Kiingereza, na hakuna aliyelishika. Fundi alipomteremsha kwenye lori alimwambia, "Karibu, mgeni," na jina likabaki hilo.

Mimi nilikuwa na miaka 19, saisi, yaani mtunza farasi, wa miezi minne tu. Nilikuwa nimeacha shule, na nilikuwa nimeacha kusali. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa Kilutheri. Septemba ya mwaka uliotangulia alishikwa na homa, siku ya tano akafa. Siku zote tano nilifunga, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamshika Mungu kwa ahadi zake moja baada ya nyingine kama mtu anayedai deni. Tulipomaliza matanga sikurudi kanisani. Sikugombana na Mungu, niliacha tu kumwamkia. Mama alinivumilia mpaka Februari, kisha akasema, "Haya, kama huendi kanisani wala shuleni, kafanye kazi." Akanipeleka kwa Fundi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na saisi mkuu wa shamba lile.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alizaliwa Ngare Nanyuki, na alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1951 serikali ya Mwingereza ilipowaondoa Wameru kwenye ardhi ile ili wapewe walowezi. Aliona nyumba ya baba yake ikichomwa, akatembea na ng'ombe hadi Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuipeleka kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, na Fundi alikumbuka wazee walivyokaa wakingoja habari. Aliwahi kuniambia kwamba alipoanza kazi ya farasi alikuwa na hasira mikononi, na kwamba farasi ndio walioigundua kabla yake mwenyewe. Hakuendelea. Alichukua brashi akaniachia niyafikirie.

Kosa langu lilikuwa mikononi pia. Kila nilipompanda Mgeni nilishika hatamu kama kamba ya ndoo iliyo kisimani. Farasi wa kawaida ukimvuta hupunguza mwendo. Farasi wa mashindano amefundishwa kinyume. Mpanda farasi wa Ngong anapokaza hatamu, farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, hupata mahali pa kusukumia, na huongeza mbio. Kwa hiyo kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyovuta, na kadiri nilivyovuta ndivyo Mgeni alivyosikia: kimbia. Fundi alikuwa akisimama katikati ya uwanja wetu wa mazoezi, mikono nyuma, akirudia neno moja tu. "Mkono." Baada ya mzunguko mmoja, tena: "Mkono, mwanangu."

"Nikimwachia ataondoka na mimi, Fundi."

"Wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Yeye ana karibu mia tano. Unadhani ni wewe unayemzuia?"

Alinifundisha kwamba farasi hajifunzi kwa kuvutwa, hujifunza pale unapolegeza. Unamgusa kidogo, na mara tu anapoanza kuelekea unapotaka, hata kwa nusu hatua, unafungua vidole. Kule kufunguliwa ndiko kunakomwambia kwamba amefanya vyema. Ukiendelea kuvuta hata alipokwisha kutii, umemfundisha kwamba kutii hakumpi raha yoyote, naye ataacha kujaribu. Nilivutiwa sana na jambo lile, maana nilikuwa nimelelewa nikidhani Mungu ni wa kukaza tu.

Na kulikuwa na jambo jingine alilonifundisha, nalo nimelibeba kuliko yote. Kijana mwenzangu wa bandani alikuwa anatumia fimbo, na farasi wake walikuwa watulivu kuliko wa wote. Nilimuuliza Fundi kwa nini tusifanye vile, tupumzike. Akasema: "Farasi anayekutii kwa kuogopa fimbo atakutii mpaka siku atakapokutana na kitu anachokiogopa kuliko fimbo. Siku hiyo wewe hutakuwepo kwenye hesabu zake." Aliyasema hayo akiwa ameinama anachokonoa kwato, bila hata kunitazama. Mimi nilisimama pale na ndoo ya maji. Nilijiona mwenyewe. Tangu utoto nilikuwa nimeshika dini kwa kuogopa: moto wa milele, macho ya washarika, aibu ya kuwa mtoto wa mwinjilisti aliyepotea. Kisha likaja jambo la kuogopwa kuliko hayo yote, baba kulala bila kuamka, nami nikakimbia.

Ilikuwa Jumamosi, Oktoba ile ile. Tulikuwa tumetoka kukagua njia ambayo watalii wangepita wiki iliyofuata, Fundi juu ya farasi jike mzee tuliyemwita Bibi, mimi juu ya Mgeni. Tulichelewa, na jua lilikuwa linashuka. Kwetu farasi lazima wawe bandani kabla ya giza kwa sababu ya visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma kuanzia machweo na kuwaambukiza farasi ugonjwa wa mapafu kujaa maji. Masika ya mwaka ule, baada ya mvua za El Niño, tulikuwa tumemzika mmoja, povu jeupe likimtoka puani. Nilimshikilia kichwa mpaka mwisho. Kwa hiyo nilikuwa na haraka, na farasi huisoma haraka ya mtu kabla mtu hajaitamka. Mnyama anayehisi nzi mmoja akitua ubavuni hawezi kukosa kuhisi mapaja yanayobana.

Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mchakamchaka kwenye uwanda wa nyasi kavu upepo ulipovuma. Mfuko wa nailoni wa buluu, ulionaswa kwenye mgunga, ulifumuka kwa kishindo karibu na sikio la Mgeni.

Sikumbuki aliporuka. Nakumbuka nyasi zikipita kasi na upepo ukinijaza machozi. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, naye akaegemea lijamu kama alivyofundishwa, akafungua hatua zake ndefu za Ngong. Mbele yetu, mita mia tatu au zaidi kidogo, kulikuwa na korongo lililochimbwa na mvua za mwaka ule, lenye kina cha kumzidi mtu. Nililijua. Tulikuwa tumelizunguka mchana.

Nilisubiri kusikia kwato za Bibi nyuma yangu. Nilikuwa na hakika kwamba Fundi angekuja, angenifikia ubavuni, angeshika hatamu yangu. Sikusikia kitu. Niligeuza kichwa kidogo, nikamwona. Alikuwa amesimamisha farasi. Alikuwa amekaa juu ya Bibi, kimya, mbali, ananitazama.

Sijui kuieleza hasira iliyonishika. Haikuwa hasira kwa Fundi peke yake. Ilikuwa ile ya siku tano za kitandani, nimelia mbele ya mtu aliyeweza na hakusogea. Nadhani nilipiga kelele. Ndipo sauti yake ikanifikia, ndogo kwa sababu ya umbali lakini bila papara yoyote, sauti ile ile ya uwanja wa mazoezi: "Mkono! Fungua mkono!"

Nilifungua. Sitadai kwamba nilifungua kwa imani. Mikono ilikuwa imechoka, vidole vinawaka, na sikuwa na njia nyingine. Nilisogeza mikono mbele kuelekea shingo yake, hatamu zikalegea, na Mgeni akayumba kidogo kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguka. Alikuwa anavutana na kitu, na kitu kile hakikuwepo tena. Nikatoa pumzi. Nikaisogeza hatamu ya kushoto pembeni, kwa mkono mwepesi, kumwelekeza upande wa mlima. Sikio lake moja likanirudia. Akageuka. Akaanza kupanda, na mlima ukafanya yale ambayo nguvu zangu hazikuweza. Hatua zikafupika, zikawa mchakamchaka, zikawa za kawaida. Akasimama. Tulitetemeka wote wawili. Jasho lake lilikuwa limenilowesha suruali mpaka magotini.

Fundi alikuja kwa miguu, akimwongoza Bibi, polepole. Alichukua muda mrefu kufika, nami nilikuwa nimeyaandaa maneno.

"Fundi, uliniacha."

"Sikukuacha."

"Ulisimama! Nilikuona umesimama!"

Alipitisha kiganja shingoni mwa Mgeni mara kadhaa kabla ya kujibu. "Huyu ni wa mashindano, mwanangu. Akisikia kwato nyuma yake anajua anashindana. Ningekufuata ningemwongezea mbio, mngeingia wote korongoni. Kitu pekee nilichoweza kukufanyia ni kusimama." Kisha akaongeza, "Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukufuata."

Nilitazama mikono yake. Ile iliyoshika hatamu ya Bibi ilikuwa inatetemeka kama yangu.

Watu huniuliza, nikisimulia haya kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, kama nataka kusema kwamba ndivyo Mungu alivyofanya baba yangu alipokuwa akifa. Sijui. Sikuonyeshwa korongo lililokuwa mbele ya kitanda kile, na sitamtungia Mungu sababu ambazo hakunipa. Ninachokijua ni kidogo zaidi, lakini nakijua kwa mwili wangu: niliwahi kumtazama mtu aliyenipenda akiwa amesimama kimya wakati ninaangamia, nikaapa moyoni kwamba ameniacha, na haikuwa kweli.

Tulirudi tukitembea, farasi nyuma yetu, Kilimanjaro ikiwa imejitokeza mawinguni upande wa kulia na theluji yake ya rangi ya waridi. Njiani nilikumbuka mahubiri ya baba. Alipenda Zaburi ya 32, mahali panaposema msiwe kama farasi wala kama nyumbu. Hakuwahi kumgusa farasi maishani mwake, kwa hiyo alitumia mfano wa punda wa jirani, na washarika walielewa vizuri: ni onyo kwa wakaidi. Nami nililisikia hivyo kwa miaka yote. Lakini baada ya miezi minane bandani sikuweza tena kulisoma vile. Farasi ana nguvu na ana hofu, na yale tunayoyaita ukaidi mara nyingi ni hofu iliyokosa mahali pa kwenda. Na mstari ule unavyomalizika: au hawatakukaribia. Lijamu ni kwa ajili ya kukaribia. Mstari unaotangulia, ambao baba aliusoma haraka ili afike kwenye punda, ndio uliokuwa unazunguka kichwani mwangu jioni ile: "Nitakushauri, jicho langu likikutazama."

Natamani ningemwambia.

Tulipofika getini Fundi alifanya jambo ambalo hakuwahi kuniruhusu kulifanya. Alimvua Mgeni lijamu pale pale nje, bila kamba, bila kitu, akaliweka begani mwangu. Hofu ilinirudia. Uwanda wote ulikuwa wazi nyuma yetu. Fundi akatangulia kuelekea bandani bila kugeuka, na Mgeni akamfuata, kichwa chini, pua karibu iguse bega la mzee.

Nilimpa karoti kwenye kiganja. Farasi huona karibu pande zote kumzunguka, lakini kilichopo chini ya pua yake hakioni, hukitambua kwa ndevu za midomo na kwa harufu. Ni lazima ufungue kiganja kabisa, vidole vimenyooka, la sivyo atakuuma bila kukusudia. Nilihisi midomo yake ikipapasa juu ya malengelenge yangu mapya.

Giza lilikuwa limeingia. Fundi aliniuliza kama nitasali naye kabla ya kwenda nyumbani, kama alivyoniuliza kila jioni tangu Februari, na kila jioni nilisema asante Fundi, siku nyingine. Safari hii sikujibu, nilivua kofia tu. Tukaanza Baba Yetu, tumesimama kati ya mabanda mawili. Nilifika "mapenzi yako", sauti ikakatika. Fundi hakuendelea bila mimi, wala hakunimalizia. Alinyamaza kando yangu. Mgeni alikuwa ameanza kunywa, tulimsikia akivuta maji kwa mikupuo mirefu, anapumzika, anavuta tena. Mpaka alipotoa kichwa ndooni, maji yakimtiririka kidevuni, tulikuwa bado tumesimama pale pale kwenye neno lile.