Safari ya kuwinda kwa boti ya jeti, hesabu yake inaanza na nyama

Mtoto wa ami yangu amehamia Fairbanks kule Alaska, na Septemba inshallah twapanda mto naye kwa boti ya jeti kutafuta musi. Tangu niseme hivyo pale gatini watu wananiuliza bunduki tu, bunduki gani, risasi gani, na mimi akili yangu yote iko kwa petroli na uzito, manake safari kama hii vile naiona hupangwa kinyumenyume, unaanza na boti ikirudi imebeba mnyama halafu ndo unajua kwenda ubebe nini.

Kwa asiyemjua, musi ni mnyama wa nchi za baridi, dume mkubwa anafika kilo 700 akiwa mzima, mapembe mapana kama sinia la pilau. Ukishamchuna na kumtoa mifupa nyama peke yake yaweza kufika kilo 225 hivi. Na sheria ya Alaska haina mchezo, nyama yote inayolika lazima itoke porini, kuna sehemu wanataka mapaja na mbavu zitoke na mifupa yake, na mapembe hayaruhusiwi kutangulia nyama. Hii sheria naipenda sana wallahi. Mtu aliyeua mnyama wa saizi hiyo akachukua pembe akaacha nyama ioze, huyo sijui tumwite nani.

Kabla hamjauliza, huku kwetu Kenya uwindaji ulifungwa 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza, so habari za kuwinda kwenye mito yetu ya Tana na Galana hapa hazipo. Na hata kule mimi siwindi, kwa sababu mgeni ambaye si raia wa Marekani wala si mkaazi wa Alaska haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa bila kiongozi mwenye leseni, na pesa ya kiongozi sina. Binamu amepita ile miezi 12 ya kuhesabiwa mkaazi, kwa hivyo kibali ni chake na bunduki ni yake, mimi naenda kama baharia na mpagazi na nimeridhika kabisa.

Sasa boti yenyewe. Jeti haina propela nje, inavuta maji kupitia wavu ulio chini ya boti, impela, yaani panga zinazozunguka ndani, inayasukuma yanatoka nyuma kwa nguvu. Aliyeifanya ikafanya kazi vizuri ni Bill Hamilton wa New Zealand miaka ya 1950, mito ya kwao ni mifupi ya kina na imejaa changarawe, propela hazidumu. Boti ikishika kasi ikapanda juu ya maji, tumbo limenyanyuka, inapita mahali ambapo ukishuka maji hayafiki magoti. Lakini kuna gharama zake. Mashine ya hospawa 115 ukiivua propela ukaitia jeti unabaki na kama 80, na mafuta inakunywa zaidi. Usukani nao unategemea yale maji yanayotoka nyuma, ukikata mafuta ghafla ukiwa kwenye kona boti haigeuki, inaenda ilikokuwa inaenda. Kwa sisi tuliozoea kupunguza moto tukiona hatari hiyo ni tabia ya kuivunja kabisa kabla hujashika usukani wa jeti, na nimemwambia binamu siku za mwanzo anifundishe boti ikiwa tupu, hapo hapo karibu na mji.

Halafu mto. Tanana maji yake ni ya kijivu, yamejaa unga wa mawe unaosagwa na barafu za milimani, chini huoni kitu, na ule mchanga unakula impela taratibu. Unasoma uso wa maji tu, pale pametulia, pale panatetemeka, pale kuna mti umeangukia mtoni na matawi yanachuja maji, huo ukikuburuta ndani yake kutoka ni kazi. Kusoma uso wa maji najua, nimekulia kwenye miamba ya Nyali. Tofauti inayonikosesha usingizi ni hii, huku ukikwama juu ya fungu maji yakikupwa, unatulia, unapika chai, yakijaa unaelea. Kule Septemba baridi inaingia, barafu inaacha kuyeyuka, na mto unashuka, hakuna bamvua ya kuja kukuokoa. Ukikwama na mzigo leo, kesho umekwama zaidi. Kwa hivyo njia uliyopita ukienda huwezi kuiamini ukirudi, na ukirudi ndo boti nzito. Mwaona kwa nini nasema hesabu ianzie kwa nyama?

Petroli tumeipanga hivi. Pipa la lita 200 ni karibu kilo 150, kwa hivyo hatupandi nalo lote mpaka juu, tunashusha mitungi ya kurudia njiani tukienda, sehemu za juu ambazo mto hauzifikii, tunaweka alama kwenye jipiesi. Na imefunikwa vizuri, maana dubu ana tabia ya kutafuna mitungi ya plastiki. Nyama vilevile inataka kuning'inizwa kwenye mifuko ya kitambaa, kavu, ipigwe upepo, mbali na hema.

Ustadh wetu nilimuuliza suala la kuchinja akanituliza, mwindaji aseme bismillahi anapofyatua, na akimkuta mnyama bado ana uhai amchinje. Pia hairuhusiwi kupiga risasi boti ikiwa bado inasukumwa na mashine, lazima izimwe na mwendo wake uishe, so nyumbani wanaofikiria ni mbio za sinema waondoe wasiwasi. Simu ya setilaiti binamu anayo, na mkewe atabaki na karatasi ya njia yetu na siku ya kuanza kututafuta.

Kilichobaki kilikuwa watu. Shemeji alitaka kuja, tukapiga simu saa tatu usiku huku, kule saa nne asubuhi, tukaweka kila kitu kwenye hesabu, watu, hema, chakula, mafuta, kisha tukaongeza musi mmoja mzima na mifupa yake. Na watu watatu boti haipandi juu ya maji, inabaki inaburura tumbo, na jeti inayoburura tumbo kwenye maji mafupi imekwisha. Shemeji nimemwambia mwenyewe, tunaenda wawili, na tukipata dume mmoja tunafunga kambi.