Msitu wa City Park hauna njaa ya miche

Mvua za vuli zikikaribia, simu yangu haitulii. Ofisi fulani inataka kuleta wafanyakazi wake na gari la miche. Shule inataka kuleta darasa zima, kila mtoto na mche wake mkononi. Kikundi cha kanisa kimechanga pesa na kwenda kitaluni. Wote huuliza swali moja: tupande wapi? Nami huwajibu jibu moja: karibuni sana City Park, lakini miche iacheni. Njooni mng'oe magugu.

Wengine hunyamaza kidogo, huaga kwa adabu, kisha hawapigi tena. Hilo huniuma, kwa sababu ni watu wenye nia safi na mikono yao naihitaji. Basi leo nimefunga cherehani mapema, nieleze kwa kirefu yale ambayo kwenye simu hayaelezeki.

City Park iko Parklands, Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na ile iliyokuwa ikiitwa Forest Road, ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai. Kwa ukubwa ni kama hekta 60. Watu wanaijua kwa kima wake, kwa soko la mboga la Hawkers lililo ubavuni, kwa uwanja wa magongo, au kwa kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyetaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi na kuuawa Februari 1965. Wanakaa kwenye nyasi, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Wasichokijua wengi ni kwamba nyuma ya nyasi hizo kuna msitu wa asili. Haukupandwa na mtu. Ni kipande kilichobaki cha msitu uleule wa Karura na wa Ngong Road, uliokuwepo hapa kabla reli haijafika na mji haujazaliwa.

Mimi ni mtu wa Gede. Nimekulia karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, huko pwani, ambako baba yangu mdogo alikuwa akichonga vinyago kwa mti wa mhuhu, na vumbi lake lenye harufu nzuri lilijaa uani kwetu hadi kwenye nguo za kuanikwa. Nilipokuja Nairobi kushona, nikapata chumba Ngara, na Jumapili moja nikaingia City Park kupunga upepo. Nikauona mhuhu. Majani yaleyale, juu kijani, chini meupe kama fedha. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia njia akaniambia huku wanauita muhugu. Niliushika ule mti kwa muda mrefu. Sikutegemea kabisa kukutana na jamaa yangu katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka kwenye kelele za matatu.

Mhuhu ndio ulionifunza jambo ninalotaka kulisema leo. Ni mti mgumu, unakua polepole mno, na kwa sababu ya ugumu wake ulikatwa sana, kwa vinyago na kwa sakafu za mbao. Una miti dume na miti jike, na mbegu zake nyingi huwa mbovu au zimeshaliwa na wadudu kabla hazijadondoka. Huendi kitaluni ukaagiza mihuhu mia kama unavyoagiza mgrevilia. Njia ya uhakika ya kuupata mhuhu mchanga ni kuukuta umeota wenyewe chini ya mama yake, halafu kuhakikisha hauuawi.

Na kinachoua miche City Park ni lantana. Mnaijua: ule mmea wenye miiba midogo, maua ya manjano na waridi, na harufu kali ukiyafikicha majani. Asili yake ni Amerika ya kitropiki; uliletwa kama ua la bustani. Ndege hula matunda yake meusi na kuzitawanya mbegu kila wanapotua. Mti mkubwa ukianguka msituni na jua likapenya, mahali hapo palikuwa pa msenefu mchanga, pa mzaituni mwitu, pa mhuhu. Lantana hufika kwanza, husuka kichaka kizito mpaka mwanga haufiki chini, na watoto wote wa msitu hufa gizani. Kuna mgeni mwingine mwenye maua ya rangi ya chungwa, sestramu, naye anafanya vivyo hivyo. Ukiupita msitu kwa nje utauona una miti mirefu na utasema ni mzima. Ingia ndani, uangalie chini. Wazee wapo, watoto hawapo.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tunang'oa.

Kikundi chetu ni kidogo, hakina fulana wala bendera. Wako Friends of City Park, ambao tangu miaka ya 1990 wameipigania bustani hii, na mwaka 2009 hatimaye ilitangazwa kuwa turathi inayolindwa na sheria. Sisi ni majirani tu, tunaoomba ruhusa kwa msimamizi na kuingia. Yuko mzee mstaafu wa reli anayejua kunoa panga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Yuko mama wa Kigujarati aliyezaliwa Parklands, sote tunamwita Ba, ambaye magoti hayamruhusu kuinama, kwa hiyo hukaa kwenye kiti chake cha kukunja na kutuonyesha kwa fimbo: "Pale, umeacha mzizi." Wako vijana wa bodaboda wa steji ya Barabara ya Limuru, wanaokuja kabla wateja hawajawa wengi. Na wanafunzi, ambao huja na kuondoka kwa majira ya mitihani.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Tunasubiri mvua ilainishe udongo, kwa sababu lantana ukiikata juu na kuacha kisiki itachipua na kurudi nene zaidi. Kwanza panga, kupunguza matawi. Kisha sururu, kuzunguka shina. Kisha watu wawili kuvuta. Tukishaing'oa tunaigeuza mizizi juu, ikauke kwa jua, na hatuichomi ndani ya msitu. Hatufagii kichaka chote kwa siku moja hata kama nguvu zipo. Tunachukua kipande kidogo na kukimaliza, kwa sababu ukifungua jua ghafla juu ya eneo kubwa, wa kwanza kuota ni magugu mapya. Na lazima turudi palepale baada ya wiki chache, maana ndege wameshaleta mbegu nyingine. Kurudi ndiyo kazi. Kila mtu ana nguvu za siku ya kwanza.

Katikati ya kung'oa ndipo huja furaha yangu kubwa. Unainua tawi la lantana, na chini yake, mwembamba, wenye majani mawili au matatu, umesimama mche wa msitu. Umekuwa ukingoja. Hapo mimi hufanya kazi ninayoijua: nina mfuko wa vipande vya nguo vilivyobaki dukani, na kila mche tunaouona naufunga kitambaa kwenye kijiti kando yake, ili panga la mtu mwingine lisiupitie. Nilianza na vitenge vyekundu, lakini kima walivipenda mno. Sasa natumia vipande vyeupe vya bitana, na wanaviacha. Ukipita sehemu tulizozifanyia kazi misimu iliyopita utaona vitambaa vimeoza na miche imenipita urefu.

Kima hao, watu wengi huwaita tumbili. Nasema hili kwa upole kwa sababu najua mnawapenda: tafadhali msiwalishe. Kima ni mkulima wa msitu huu. Anakula tunda huku, anatema au kunya mbegu kule, na hivyo ndivyo miti inavyohama. Akishazoea krispu na njugu hukaa kando ya njia siku nzima, hupora mikoba, huwatisha watoto, na ndani ya msitu haonekani. Hondohondo na ndege wengine wala matunda bado wanaifanya kazi hiyo, lakini peke yao haitoshi.

Hapa pana ugumu na sitaki kuuruka. Njugu hizo huuzwa na mama mmoja mlangoni, nasi ni marafiki. Nilipomweleza jambo hili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada yangu, wewe kima unamtafutia msitu. Mimi watoto wangu nawatafutia unga." Sikuwa na jibu, na bado sina. Siku hizi yeye huwaambia wateja wake wazile njugu wenyewe, na wengine humsikia. Ninunuapo njugu kwake nanunua nyingi, na kikundi chote tunakula baada ya kazi.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Lantana nene ilikuwa maficho ya waporaji, na wanawake wengi wa mtaani kwetu walishaacha kupita njia za ndani. Pale tulipofungua, sasa unaona mbele na nyuma, na asubuhi nakutana na akina dada wanaotembea wawili wawili. Vichakani pia hulala vijana wasio na kwao. Hao tunawaambia mapema wiki inayotangulia tutafanyia kazi wapi, wahamishe vitu vyao kwa heshima. Hatuingii na panga juu ya mahali mtu anapolala.

Taka nazo tunaokota, ingawa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017 mzigo umebadilika. Ile mifuko iliyokuwa ikining'inia matawini karibu imekwisha. Zimebaki chupa na nepi.

Sasa nirudi kwenye miche. Sipingi kupanda miti. Nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko ili watu wakapande. Kuna vilima vilivyobaki mifupa, kuna mashamba na kingo za mito zinazolia kivuli. Huko pandeni mpaka mchoke. Lakini kampuni moja ilikuja kwetu msimu mmoja na miche mizuri, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ikaipanda kwenye uwazi tuliokuwa tumeutoa lantana kwa jasho. Picha zikapigwa, hotuba ikasomwa, magari yakaondoka. Hakuna aliyerudi kumwagilia kiangazi cha Januari. Kibaya zaidi, katika kuchimba mashimo walikuwa wameikanyaga miche ya asili iliyokuwa imeota pale, pamoja na vijiti vyangu. Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Ule uwazi haukuwa mtupu. Msitu ulikuwa umeshapanda.

Kwa hiyo nikikwambia uache miche, nakuomba jambo kubwa kuliko miche. Pesa ya miche nunua glavu za ngozi, zile za kitambaa miiba inapita. Nunua sururu moja ya mpini imara. Tulizo nazo mbili zimelegea. Njoo na nguo ya mikono mirefu, gambuti, maji ya kunywa. Tunakutana saa moja na nusu asubuhi kwenye mlango wa Barabara ya Limuru, na saa nne tumemaliza. Kama ni kikundi kikubwa, gawanyeni watu kwa zamu, wachache kila Jumamosi, hao ndio watakaoona palipong'olewa panaota nini. Watoto waleteni pia. Ba anawataka sana, kwa sababu macho yao yako karibu na ardhi na wao ndio huona mihuhu midogo kabla yetu.